Stendi ya kutengenezea baiskeli kwa mabomba chakavu na rimu ya gari, na kwa nini mbili za kwanza zilianguka

Fundi wa Ngokolo

Wakuu, habari zenu. Mimi ni fundi baiskeli hapa Shinyanga mjini, nafanyia kazi chini ya mwarobaini, huu ni mwaka wa kumi na mbili. Wateja wangu wengi ni vijana wa baiskeli za abiria, zile ambazo huku kwetu tunaziita daladala, pamoja na wakulima wanaoingia sokoni na gunia nyuma. Baiskeli zenyewe ni Phoenix na Avon za ringi inchi 28, chuma tupu. Ukiinyanyua pamoja na keria yake nene inafika kilo 22 hivi.

Miaka yote nimefanya kazi kama nilivyofundishwa: baiskeli kichwa chini miguu juu, siti na usukani vinagusa ardhi, mimi nimechuchumaa. Mwaka jana mgongo ukagoma. Nikichuchumaa muda mrefu, kusimama ni mpaka nishike mti. Jioni mke wangu ananikanda kwa maji ya moto, asubuhi narudi palepale. Ndipo nikaamua kujenga stendi ya kuinua baiskeli juu, nifanye kazi nikiwa nimesimama wima. Nimeanguka nayo mara mbili kabla haijasimama, na nataka kuwaeleza ili asiangushe mwingine.

Ya kwanza ilikuwa ya mbao za mbili kwa nne. Nguzo moja, chini miguu ya msalaba, kila mguu sentimita 30 kutoka kwenye nguzo. Mkono unaoshika baiskeli ulitoka mbele sentimita 40. Nikaning'iniza Phoenix ya mteja, ikasimama. Nilipoanza kukaza pedali nguzo ikainama polepole kama mtu anayesinzia, halafu ikalala kifudifudi baiskeli ikiwa chini. Spoku nne zilipinda na nikazilipa mimi.

Nikajiambia tatizo ni wepesi. Ya pili nikachukua rimu ya gari ndogo ya inchi 14, nikasimamisha bomba katikati, nikamwaga zege kina cha sentimita 12. Tukaipima kwenye mizani ya mpunga: kilo 31. Nikaona sasa nimemaliza. Siku tatu ilikuwa shwari. Siku ya nne kuna pedali iliyogandia kwa kutu, nikaining'inia spana kwa uzito wangu, stendi ikanyanyuka upande wa nyuma. Kijana ninayemfundisha aliidaka.

Jioni ile nikakaa na kalamu. Rimu ina upana wa sentimita 39, kwa hiyo kutoka katikati mpaka ukingo wa mbele ni kama 20. Baiskeli ilikuwa inaning'inia sentimita 35 kutoka katikati. Maana yake imepita ukingo kwa sentimita 15. Ukingo ule ndio mhimili, kama katikati ya mizani. Upande wa nyuma nina kilo 31 mara sentimita 20, jumla 620. Upande wa mbele nina kilo 22 mara 15, jumla 330. Bado nipo salama. Sasa niongeze mkono wangu unaosukuma chini kwa kilo 20 tu, mara 15, ni 300 nyingine. Jumla 630. Imeshapita! Na pedali iko nje zaidi ya fremu, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko hesabu yangu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikuhitaji zege zaidi. Nilihitaji miguu inayokwenda mbele, chini ya baiskeli yenyewe. Mzigo ukiwa nje ya miguu, kila kilo unayoongeza inakuangusha. Ukiwa ndani ya miguu, kila kilo unayoongeza inaikandamiza stendi ardhini. Kilo zilezile, kazi mbili tofauti.

Kwa hiyo ya tatu ni rimu ileile na zege lilelile, ila nilichomelea engo mbili (vile vyuma vya pembe, vyenye umbo la L) za inchi moja na nusu chini ya rimu, zimetoka mbele kwa kutanuka kama herufi V. Kutoka kwenye nguzo mpaka ncha ni sentimita 60, na kati ya ncha na ncha ni 55. Chini ya kila ncha nikaweka kipande cha bati nene ili rimu iinuke kidogo mbele na kugusa ardhi kwa nyuma tu. Hivyo inasimama kwa pointi tatu, na kitu cha pointi tatu hakitikisiki hata ardhi ikiwa na mabonde kama ya kwangu chini ya mti.

Mabomba sasa. Hapa nataka msome taratibu, maana inchi ya fundi bomba si inchi ya futi kamba. Bomba la maji la GI, yaani la chuma kilichopakwa zinki, linaloitwa inchi moja, ukilipima kwa nje ni milimita 33 na ushei. La inchi moja na robo ni milimita 42 kwa nje, na kwa ndani, kama ni la unene wa kati, ni 36. Kwa hiyo la inchi moja linaingia ndani ya la moja na robo na kubakiza nafasi ya milimita mbili hivi. Hiyo ndiyo nguzo yangu ya kupanda na kushuka. La chini lina sentimita 90, limezama kwenye zege, na kabla ya kumwaga zege nilipitisha kipande cha nondo kukatiza chini yake ili lisije kuzunguka ndani ya zege. La juu lina mita moja na matundu kila baada ya sentimita 5, napitisha bolti ya milimita 10. Ile nafasi ya milimita mbili inaleta mchezo, nikaumaliza kwa kuchomelea nati mbili ubavuni mwa bomba la chini, moja juu ya nyingine, bolti zake zinasukuma bomba la ndani kuelekea upande mmoja.

Mkono wa kulala ni robo tatu ndani ya inchi moja. Kwenye karatasi robo tatu ina karibu milimita 27 kwa nje, na inchi moja kwa ndani ina 27 na kitu. Kwenye karatasi linaingia. Kwa mkono halikuingia. Ukichungulia ndani ya bomba utaona mstari wa weldi umetuna kuanzia mwanzo mpaka mwisho, huo ndio ulionizuia. Nilikaa na tupa ya duara mchana mzima kuusawazisha, nikapaka grisi, sasa linazunguka laini, na bolti moja linalibana nikitaka baiskeli ibaki kwa pembe ninayoipenda.

Msitumie uzi wa bomba kama sehemu ya kuzunguka. Nilijaribu mwanzo: ukizungusha baiskeli upande mmoja unakaza, upande mwingine unafungua, na siku moja mkono unabaki na baiskeli yake mikononi mwako.

Kibano ni mbao ngumu, nitaeleza nikiulizwa. Nimechoka kuandika kwa leo.

Mnyamwezi Halisi

Mkuu heshima kwako. Ila nina swali la kweli, si ubishi. Baba yangu ni fundi Tabora tangu sijazaliwa, na anapindua baiskeli chini mpaka leo. Kuna ubaya gani hasa ukiondoa mgongo?

Fundi wa Ngokolo

Mnyamwezi Halisi, mpe mzee shikamoo yangu. Mafundi wa rika lake ndio waliotufundisha.

Mgongo peke yake unatosha, maana fundi hana kiinua mgongo. Lakini yapo mengine. Baiskeli zetu hizi zina breki za vyuma, na mikono ya breki iko chini ya usukani. Ukipindua, uzito wote unalalia usukani, kengele na mikono ile. Nimeona breki nyingi zilizokuja na tatizo la nyuma zikaondoka na tatizo la mbele. Pili, huwezi kuona breki inavyoshika ikiwa imekaa sawasawa, kwa sababu pedi inaning'inia kinyume. Tatu, mafuta ya taa unayooshea cheni yanatiririka kuelekea kwenye hab, yaani kitovu cha gurudumu, na kuosha grisi ya gololi.

Pancha bado naziba baiskeli ikiwa chini, ni haraka zaidi. Stendi ni kwa kazi za kukaa nayo: hab, cheni, breki, gia.

Jaluo wa Kibuye

Sasa kaka. Nasoma huu uzi nikiwa Kisumu. Huku zile nzito tunaziita Black Mamba, zimebeba watu na magunia tangu enzi za boda boda za baiskeli pale Busia. Hiyo fremu ya chuma unaweza kuibana popote na haitasema kitu. Lakini mafundi wa jua kali hapa wameanza kuletewa hizi mitumba kutoka ng'ambo, aluminiamu na hata kaboni. Ningependa watu waonywe: bomba la aluminiamu la fremu ni jembamba sana katikati, nene mwishoni. Ukilibana katikati unalibonyeza na hautalinyoosha tena. Kaboni ndiyo mbaya zaidi, inapasuka ndani na kwa nje hauoni kitu.

Bana nguzo ya siti. Iinue kidogo, bana hapo, umemaliza.

Fundi wa Ngokolo

Asante sana kaka wa Kisumu, hilo nililiacha na ni kubwa. Naongeza: hata baiskeli ya chuma ya gia, ukibana bomba la juu angalia waya zinapita wapi. Nyingi zinapita chini au ubavuni mwa bomba hilo. Ukizibana zinakunjika, halafu mtu anahangaika kuseti gia nusu siku na gia hazina kosa.

Kabla ya kuinua nguzo ya siti piga alama ya chaki au funga utepe ilipokuwa, ili mteja arudishiwe siti yake kwenye kimo chake. Na usivuke ule mstari uliochongwa kwenye nguzo. Ukiuona umetokeza, umeinua mno.

Dada wa Kahama

Habari kaka fundi. Nina binti anasoma sekondari, anaendesha baiskeli ya kike, ile isiyo na bomba la juu. Mimi ndiye ninayeitengeneza nyumbani, breki na cheni nimeshazizoea. Ninaweza kutumia stendi ya namna hii? Siti yake ina springi kubwa na chini yake hakuna nafasi ya kubana.

Fundi wa Ngokolo

Dada, hongera kwa kumtengenezea binti. Unaweza kabisa. Ndiyo maana mkono wangu unazunguka: taya zikilala zinabana bomba la juu, zikisimama zinabana bomba la siti. Kwa ya kike bana lile bomba linalosimama, linalobeba siti, sehemu ya juu karibu na siti kabla ya mkanda wake. Mara nyingi ni chuma kigumu. Zungushia tyubu kuukuu kwanza ili rangi isichubuke.

Tena kwako wewe wa nyumbani kuna njia rahisi kuliko ya kwangu. Kamba mbili kwenye boriti ya baraza au tawi nene. Moja inashika pua ya siti, nyingine inashika shingo ya usukani. Mwishoni funga ndoano za nondo ya milimita 8 zilizovalishwa mpira. Itayumba ukisukuma kwa nguvu, lakini kwa breki na cheni inatosha.

Mchuma wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Mimi nipo Unguja na kazi yangu ni kuchomea mageti. Ndugu fundi kazi yako nzuri, lakini umepita juu ya jambo moja ambalo linaweza kumlaza mtu. Mabomba ya GI yamepakwa zinki. Ukiyachomea hivyohivyo unatoka moshi mweupe, na ule moshi ukiuvuta, usiku unapata homa, baridi, mwili unauma kama malaria. Nimemuona mwanafunzi wangu akitetemeka na blanketi mbili. Kwanza paruza zinki yote sentimita tano kila upande wa pale unapochomea, mpaka uone chuma kitupu. Chomea nje, upepo ukikutokea ubavuni, wala usiinamie moshi.

Na mkishaparuza, mjue kinga ya kutu imeondoka. Kwetu huku kwa chumvi ya bahari, bomba ndani ya bomba likikaa mwezi bila grisi halitoki tena. Pakeni rangi ya kuzuia kutu pale palipochomewa siku hiyohiyo.

Fundi wa Ngokolo

Waalaykum salaam. Ndugu yangu, shukrani ya dhati. Mchomeleaji wangu hakuparuza, na siku ile alikohoa jioni nzima tukadhani ni vumbi. Nimemsomea ujumbe wako neno kwa neno. Wote mnaonakili vipimo vyangu, nakilini na hili.

Randa na Patasi

Mimi ni seremala. Umesema utaeleza kibano ukiulizwa, basi nauliza. Mbao gani na umetoboa vipi? Maana nilijaribu kutoboa tundu nikapasua kipande katikati, na msumeno ukala milimita tatu, tundu halikuwa duara tena.

Fundi wa Ngokolo

Seremala, umegusa pale nilipofurahia zaidi. Mbao ni mninga, vipande viwili vya urefu wa sentimita 12, upana 8, unene 4. Usitoboe kipande kimoja ukakipasua. Chukua viwili, katikati yake weka kibanzi cha milimita 4, vibane vyote vitatu kwenye jiriwa, halafu toboa tundu la milimita 32 sentaa ikiwa juu ya kile kibanzi. Ukimaliza, toa kibanzi ukitupe. Sasa kila taya ina kasoro kidogo ya nusu duara, na zikifungwa zinabaki na mwanya. Ule mwanya ndio unaofanya zing'ate. Taya zikigusana kabla hazijashika bomba, hata ukikaza vipi baiskeli itateleza.

Nyuzi za mbao ziende kwa urefu wa taya, kutoka upande wa bawaba mpaka upande wa kukaza, zisikatize, vinginevyo taya inapasuka kwenye tundu. Upande mmoja nimeweka bawaba ya mlango, upande mwingine bolti ya milimita 10 ambayo kichwani nimechomelea kipande cha nondo kama msalaba, nakaza kwa mkono bila spana. Ndani nimegundisha tyubu ya baiskeli kwa solusheni, ileile ya pancha, mpira mara mbili.

Mnyamwezi Halisi

Narudi tena mkuu. Nimemsomea mzee. Ameuliza swali moja tu: kota anaipigaje ikiwa baiskeli inaning'inia?

Fundi wa Ngokolo

Swali la fundi hilo. Kwa wasiojua, kota ni ile pini inayobana mkono wa pedali kwenye ekseli yake, inatoka kwa nyundo. Jibu: kwenye stendi haipigwi hivihivi. Nyundo ikigonga, fremu inaruka, nguvu inaishia kwenye kibano badala ya kwenye pini, na gololi za ekseli zinapokea kipigo zinachimba vikombe. Mimi nina kipande cha bomba la inchi moja, nimekikata kiwe na urefu wa kutoka ardhini mpaka chini ya mkono wa pedali stendi ikiwa kwenye tundu la tatu. Nakisimamisha chini ya mkono, nikiacha tundu la bomba limezunguka pini, ndipo napiga. Nguvu yote inashuka ardhini. Pini inatoka kwa mapigo mawili, mara nyingine moja.

Mwambie mzee, urefu wa bomba hilo ukizidi hata sentimita moja baiskeli inanyanyuka kwenye kibano, ukipungua haligusi. Likatwe mwisho kabisa, stendi ikishakuwa tayari.

Jaluo wa Kibuye

Na kunyoosha ringi unafanyia hapo pia?

Fundi wa Ngokolo

Ndiyo, lakini si kwenye kibano. Nilikuwa na uma wa mbele wa Avon uliovunjika shingo. Nimeuchomelea kwenye nguzo kwa nyuma, miguu ikiangalia juu, gurudumu linakaa kati yake usawa wa kifua changu. Kwenye kila mguu nimefunga kipande cha njiti ya spoku kwa mpira, ncha yake naisogeza mpaka iguse ringi kidogo tu. Ukizungusha, unasikia mahali panapokwaruza: kss, kimya, kss. Ringi ikikwaruza kulia, nakaza spoku za kushoto za eneo lile kwa robo ya mzunguko na kulegeza za kulia kiasi hichohicho. Ringi ya nyuma ya spoku 40 iliyokuwa inanichukua asubuhi nzima nimechuchumaa, sasa naifanya nimesimama huku naongea na mteja. Uma huo ni wa hab ya mbele. Kwa hab ya nyuma ilibidi niutanue kwa jeki, taratibu, mpaka ekseli ikaingia.

Dada wa Kahama

Kaka fundi, mrejesho. Nimeweka zile kamba mbili barazani. Binti mwenyewe ndiye aliyeosha cheni jana. Ila ndoano ya siti inateleza kuelekea nyuma.

Fundi wa Ngokolo

Hongereni. Ikunje ndoano iwe na mdomo mpana, ikae mbele kabisa ya pua ya siti ambapo ngozi inashuka, na kamba ya mbele iwe fupi kidogo kuliko ya nyuma. Baiskeli ikiinua kichwa, ndoano inatulia.

Nami mrejesho wangu. Kijana ninayemfundisha ni mfupi kuliko mimi kwa kichwa kizima. Asubuhi hii nilipofika nimekuta ameshafungua, amechomoa bolti, ameshusha nguzo matundu mawili, yuko na hab ya nyuma mkononi, amesimama wima.